Reli Iliyokataa Kupanda Mlima

Ukipanda treni ya Dar es Salaam kwenda Arusha, tafuta kiti cha upande wa kulia. Kushoto utaona nyika tu, migunga na vumbi hadi macho yachoke. Milima iko kulia. Usambara mara nyingi unaipita gizani, umelala. Upare unakukuta alfajiri, ukishapita Buiko na Hedaru. Jua hutokea nyuma ya milima, kwa hiyo mwanzoni unaona kivuli cheusi tu kilichochongoka, na ukungu uliokilalia begani. Kisha mwanga unateremka taratibu, na mabati yanaanza kumeta mahali ambapo usingedhani mtu anaweza kujenga hata banda la kuku, seuze kanisa.

Treni haina habari na huko juu. Inakwenda chini, kwenye ukame, inakumbatia miguu ya milima lakini haipandi hata kidole. Kutoka dirishani abiria anainua shingo. Huko Chome, Suji au Vudee mtu akitoka uani asubuhi anainamisha macho na kuiona treni nzima, kichwa mpaka behewa la mwisho, ikitambaa kama jongoo. Historia ya reli hii kwa Wapare imo katika tofauti ya hawa wawili: mmoja anaitazama milima kwa dakika chache, mwingine anaitazama reli maisha yake yote.

Walioanza kuijenga hawakuwa wakiufikiria mji wa Same, ulio chini ya milima hiyo. Mwaka 1891 iliundwa kampuni ya Kijerumani ya kujenga reli kutoka Tanga, na kazi ikaanza mwaka 1893. Ilikuwa reli ya kwanza katika koloni lote. Nia ilikuwa kuyafikia mashamba ya walowezi huko Usambara, na waliokuwa na ndoto kubwa zaidi walilizungumzia Ziwa Victoria. Ndoto haikufika mbali. Ilipofika Aprili 1896 reli ilikuwa imefika Muheza, kilomita 40 tu kutoka baharini, na kampuni ikaishiwa fedha. Mwaka 1899 serikali ya koloni ikalazimika kuinunua. Korogwe wakafika mwaka 1902, Mombo mwaka 1905.

Wakati huo jirani alikuwa amekwisha kumaliza. Waingereza walianza reli ya Mombasa miaka mitatu baada ya Tanga, mwaka 1896, na mwaka 1901 wakawa wamefika Kisumu, zaidi ya kilomita 900. Jambo hilo liliwauma Wajerumani, na si kwa fahari peke yake. Reli ya Waingereza ilipita Voi, na kutoka Moshi kwenda Voi ni karibu kuliko kutoka Moshi kwenda Tanga kwa miguu. Mizigo ya Kilimanjaro, nchi iliyokuwa chini ya Mjerumani, ikawa inavuka mpaka kwenda kupanda gari moshi la Mwingereza. Reli ya Tanga ilisukumwa kwenda Moshi kwa sababu hiyo zaidi ya nyingine yoyote. Upare ulikuwa njiani, basi.

Kabla ya hapo, njia kuu za Upare hazikuwa hizi tunazozijua leo. Misafara ya pwani iliyopanda kufuata bonde la Pangani kwenda Kilimanjaro ilikuwa na vituo vyake mashariki mwa milima, Gonja na Kisiwani, upande unaotazama nyika ya Mkomazi. Huko ndiko kulikokuwa na chakula cha kununua na maji ya kujaza vibuyu. Wapare wenyewe waliishi juu, kwenye mvua, wakichimba mifereji na kujenga ndiva, yale mabwawa madogo ya kuhifadhi maji ya usiku ili mashamba yanyweshwe mchana. Ukoo wa Washana ulifua chuma, na majembe yao yalifika hadi Uchagani. Chini magharibi, ilipo Same ya leo, milima huizuia mvua ya baharini, na ardhi inabaki na miiba. Mtu mwenye akili zake hakuwa na sababu ya kushuka huko.

Wamisionari wa Kisabato walioingia Upare mwaka 1903, Ehlers na Enns, waliteremkia Tanga wakati reli ikiishia Korogwe. Kituo chao cha kwanza wakakijenga juu, Mamba Giti, wakakiita Friedenstal, Bonde la Amani. Walutheri wa Leipzig nao walikuwa wamekwisha kuanza Shigatini, kaskazini, tangu mwaka 1900. Tazama walikokwenda wote: juu. Asiyekuwa na haja na juu ni reli peke yake.

Mwaka 1909 reli ikafika Buiko, kwenye pembe ya kusini kabisa ya Upare. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, huko Norway mfalme Haakon wa Saba alifungua reli ya kutoka Kristiania, jiji linaloitwa Oslo leo, kwenda Bergen. Nimeitazama reli ile katika filamu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, maana watalii huivukia bahari ili waketi dirishani tu. Wanorwe walipokutana na mlima waliupanda. Stesheni ya Finse iko mita 1,222 juu ya usawa wa bahari, theluji inaifunika sehemu kubwa ya mwaka, na mlima ulipokataa kupandwa waliutoboa: tundu moja peke yake lina urefu wa zaidi ya kilomita tano. Baadaye, mwaka 1940, wakaongeza tawi la kuteremka hadi kijiji cha Flåm baharini, kilomita 20 zenye mahandaki 20. Lilikuwa taifa changa, limejitenga na Sweden mwaka 1905 tu, na lilitaka watu wake wa mashariki na wa magharibi wafikiane.

Hapa kwetu mlima haukuwa na mtu ambaye Berlin ilitaka kumfikia. Kilele cha Shengena kina mita 2,462, mara mbili ya Finse, lakini hesabu ya wahandisi ilikuwa fupi: bonde la Pangani ni tambarare, fuata bonde, kisha shika miguu ya milima mpaka Kahe. Hata walipotaka kitu cha juu hawakupandisha reli. Mkumbara, kabla ya kuingia Upare, kampuni moja ya mbao ilitundika kebo za kuteremshia miti ya mierezi kutoka msitu wa Shume hadi stesheni. Magogo yalishuka yakining'inia hewani. Watu waliendelea kushuka kwa miguu.

Kazi ilifanywa na mikono ya watu wengi: Wasukuma na Wanyamwezi walioajiriwa kutoka mbali, na wakandarasi wa Kigiriki ambao baadhi yao walibaki wakawa wenye mashamba ya mkonge. Hedaru, Makanya, Same, Lembeni, Kisangiro, Kahe. Majina haya yaliingia kwenye ramani ya dunia kwa mpangilio huo, kama shanga kwenye uzi. Februari 1912 reli ya Tanga hadi Moshi ilifunguliwa rasmi, kilomita 352 za geji ya mita, karibu miaka 19 tangu jembe la kwanza.

Ilikuwa haijamaliza miaka mitatu Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoikuta. Novemba 1914 Waingereza walishusha askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, kuiteka Tanga. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliwapakia askari wake kwenye mabehewa huko Moshi na kuwateremsha usiku na mchana hadi pwani. Akiwa na watu kama elfu moja hivi aliwarudisha Waingereza baharini. Bila reli asingefika. Wanajeshi wale walipita chini ya Upare kwenda kupigana vita ambavyo mlimani havikuwa na mwenyewe.

Mei 1916 mambo yakageuka. Jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts lilikwenda kusini kwa njia tatu: kikosi kimoja kikishika reli, kingine mto Pangani, na cha tatu kikikatiza pengo la Ngulu kwenda mashariki mwa milima, kupitia Kisiwani na Gonja, ile njia ya zamani ya misafara. Katika siku kumi hivi walikuwa wamefika Buiko. Wajerumani walirudi nyuma wakilipua madaraja na kung'oa reli. Kwa mara ya kwanza Mpare aliyekuwa juu angeweza kutazama pande zote mbili za milima yake na kuona majeshi kila upande. Nyuma ya jeshi hilo Waingereza walileta reli iliyojengwa kwa haraka kutoka Voi kupitia Taveta, wakaiunga na ya Tanga huko Kahe. Ikabaki hata amani iliporudi, na sehemu ya kahawa ya Kilimanjaro ikaendelea kwenda Mombasa, kana kwamba taabu yote ya Wajerumani ilikuwa bure. Moshi hadi Arusha ikaunganishwa mwaka 1929.

Ni katika miaka hiyo ya Waingereza ndipo Same ikawa Same. Stesheni ikavuta maduka ya Wahindi, maduka yakavuta soko, na boma la wilaya likakaa hukohuko kwenye vumbi. Profesa Isaria Kimambo, Mpare aliyeandika historia ya watu wake kuliko mtu mwingine yeyote, alifuatilia kwa kirefu jinsi uchumi wa dunia ulivyopenya milimani. Nje ya vitabu, mimi naona jambo la miguu zaidi: reli haikupanda, kwa hiyo mlima ukalazimika kushuka. Ukitaka chumvi, shuka. Barua, shuka. Kesi, shuka, na sote tunajua utani wa Mpare na kesi. Wanasema atauza ng'ombe ili ashinde shauri la kuku. Wenyewe wanaucheka utani huo kuliko majirani zao, kama wanavyoucheka ule wa kwamba chakula cha Mpare ni makande.

Mshuko mkubwa kuliko yote haukuwa wa kufuata treni. Miaka ya 1940 serikali ilileta kodi ya kukadiria mali ya mtu, ikaipa jina la ushuru wa zamani wa watawala wa Kipare: mbiru. Watu hawakukataa kulipa kodi. Walichokataa ni kupekuliwa, kuhesabiwa kuku na migomba na mtu aliyeamua kwa jicho lake kuwa jirani yako ni maskini na wewe tajiri. Januari 1945 wanaume kwa maelfu waliteremka kutoka milimani wakaja kukaa Same, mbele ya serikali, wakisubiri jibu. Hawakupigana, walikaa tu. Mwaka 1946 wanawake nao waliandamana Usangi, mashamba na nyumba vikiwa vimewaelemea peke yao. Mwishowe serikali ikaiondoa kodi hiyo. Mji uliozaliwa na stesheni, mahali pasipo na asili ya ukoo wowote, ukawa mahali Wapare wa kila upande wa milima walipokutana wakiwa kitu kimoja.

Mwaka 1963, nchi ikiwa huru, kipande cha Ruvu hadi Mnyusi kiliunganisha reli ya Tanga na Reli ya Kati. Mtu wa Same sasa aliweza kulala ndani ya behewa akaamkia Dar es Salaam. Wazee wanaoikumbuka treni hukumbuka hiyo: machungwa ya Muheza yakipitishwa dirishani, gadi na filimbi yake, wanafunzi wa bweni wakiwa na masanduku ya bati, kila mmoja kaandika jina lake kwa rangi nyeupe. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, mpaka na Kenya ukafungwa, na kipande cha Voi kikakosa kazi. Shirika la Reli la Tanzania likarithi njia ya kaskazini.

Kilichofuata hakihitaji maneno mengi. Barabara ya lami ilifuata njia ileile ya reli, hatua kwa hatua, na basi lilikwenda kwa saa chache mwendo ulioichukua treni usiku kucha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 treni ya abiria ikakoma. Mizigo ilidumu kidogo, jasi ya Makanya kwa viwanda vya saruji na vinginevyo, kisha nayo ikanyamaza. Majani yakaota kati ya mataruma. Tuta la reli likawa njia ya mbuzi, na kizazi kizima cha Same kikakua kikijua stesheni kama jengo.

Julai 2019 treni ya mizigo ilirudi hadi Moshi. Desemba mwaka huo ikarudi ya abiria kutoka Dar es Salaam, na Oktoba 2020 ikafika Arusha. Miaka zaidi ya 25 ilikuwa imepita. Sifa zilizotolewa wakati ule zilikuwa nyingi, za uchumi na za nauli. Nauli ni kweli, mtu wa kawaida anaihesabu. Ila si rahisi kuwashawishi watu kwamba treni hii ni ya haraka, na sioni haja ya kujaribu. Wanorwe wamefanya polepole kuwa biashara.

Nilishuka Same na mama mmoja mwenye magunia mawili na ndoo, anakwenda Mamba Miamba, kwenye tangawizi. Jua lilikuwa ndiyo kwanza limeruka mlima. Nilimuuliza gari la kupanda litaondoka saa ngapi.

"Mwanangu, magari saa hizi yanashuka. Ya kupanda ni mchana, yakishapata watu."

Akaweka magunia kivulini, ukutani mwa stesheni, akakalia moja, akafungua ndoo. Ndani mlikuwa na makande.