Gemu ya hadithi imegoma? Omba msaada, usiombe faili

Umecheza wiki tatu. Umefika sura ya mwisho, mhusika wako yuko mlangoni, anataka kuamua aondoke au abaki. Ghafla skrini inajaa maandishi ya Kiingereza na gemu inasimama hapohapo.

Unakimbilia kwenye grupu: "Wakuu, gemu imegoma, msaada." Dakika mbili baadaye mtu usiyemjua anakutumia faili na maneno matatu: "Weka hii, itakubali."

Subiri kwanza. Kwa mashabiki wa gemu za hadithi za watu wazima, faili kama hilo linaweza kukutoa kwenye shida ya gemu na kukutumbukiza kwenye shida ya simu, ya pesa, au hata ya polisi.

Kama uko Mbeya na mwenzako unayecheza naye yuko Iringa, karibu kila kitu mnachohitaji kusaidiana kinaweza kupita kwa maneno na picha ya skrini. Hivi ndivyo inavyofanyika.

Kwa ufupi

- Tuma ujumbe wa kosa, si gemu nzima.
- Usifungue faili la sevu la mtu usiyemwamini.
- Usifute gemu kabla hujanakili sehemu uliyofikia.
- Kusambaza maudhui ya ngono mtandaoni ni kosa la jinai Tanzania.

Gemu za hadithi ni zipi?

Ni gemu unayoisoma zaidi ya kuichezea vidole. Kuna picha, muziki, mazungumzo, halafu kila baada ya muda unaulizwa uchague: umwambie ukweli au unyamaze? Jibu lako linabadilisha hadithi. Duniani zinaitwa visual novel na Japani ndiko zilikokulia zaidi.

Kwa Mtanzania wazo lenyewe si geni sana. Waliokua wakisoma magazeti ya katuni kama Sani wanaijua ladha ya picha na maneno kwenda pamoja. Tofauti ni kwamba hapa wewe ndiye unayeamua nini kitokee ukurasa unaofuata.

Nyingi zinatengenezwa kwa Ren'Py, programu ya bure iliyotolewa mwaka 2004 na Mmarekani Tom Rothamel. Inatumia lugha ya Python, na gemu moja inaweza kutolewa kwa Windows, Mac, Linux, Android na iPhone. Ndiyo maana mtu mwenye laptopu na mwingine mwenye simu wanaweza kuwa wanacheza kitu kilekile na kupata matatizo yanayofanana.

18+ si lazima iwe ngono

Hapa wengi huchanganya. Alama ya watu wazima inaweza kuwekwa kwa sababu ya ngono, lakini pia kwa vitisho, damu, ulevi au mada nzito.

Mfano ni Doki Doki Literature Club ya Team Salvato, iliyotoka Septemba 2017. Inaanza kama hadithi laini ya mapenzi shuleni, kisha inageuka kuwa ya kutisha na inagusa suala la kujiua. Mwanzoni kabisa inakuonya kwamba haiwafai watoto wala watu wanaoumizwa haraka na mambo hayo. Onyo hilo lichukulie kwa uzito, hasa kama wewe mwenyewe unapitia kipindi kigumu.

Gemu hiyo pia ilifundisha mashabiki ufundi bila wao kujua. Kwenye kompyuta ina folda yenye mafaili ya wahusika, na ukifuta faili fulani, hadithi inabadilika. Watu ambao hawajawahi kufungua folda ya programu yoyote walijikuta wanaulizana faili liko wapi na kazi yake ni nini.

Mfano mwingine ni VA-11 Hall-A, iliyotoka Juni 2016. Ilitengenezwa na Sukeban Games, kundi dogo la vijana wa Venezuela. Wewe ni mhudumu wa baa, unachanganya vinywaji, na kinywaji unachompa mteja ndicho kinachobadilisha mazungumzo. Stori ni za watu wazima: kazi, upweke, mapenzi, serikali inayobana.

Kwa nini inagoma kwenye simu yako?

Gemu hizi hazihitaji simu ya kifahari, maana hakuna mbio za magari wala risasi. Kinacholemea ni ukubwa wa picha. Gemu moja inaweza kula GB kadhaa. Haya ndiyo matatizo yanayorudi kila siku:

1. Nafasi haitoshi. Wakati wa kusakinisha, simu inahitaji nafasi ya faili lenyewe pamoja na nafasi ya gemu ikishafunguka. Faili la GB 1 linataka karibu GB 2 zikiwa wazi. Hamisha video zako kwanza.

2. Upakuaji umekatika. Mtandao ukisumbua katikati, faili linafika pungufu na simu inalikataa. Linganisha ukubwa ulioandikwa na mtengenezaji na ule ulio kwenye simu. Kama haulingani, pakua upya. Wenye bando la usiku ndiyo muda wao.

3. Toleo jipya linakataa kukaa juu ya la zamani. Inawezekana nafasi imeisha. Lakini sababu nyingine ni saini. Kila programu ya Android ina saini ya kidijitali ya aliyeitoa. Mtu mwingine akiifungua, akaibadilisha na kuifunga upya, saini inakuwa tofauti na simu inakataa kuiweka juu ya ile uliyonayo. Usikimbilie kufuta ya zamani. Simu yako huenda inakuambia kwamba faili hili halijatoka kwa mtengenezaji.

4. Skrini nyeusi kwenye kompyuta. Kwa gemu za Ren'Py, bonyeza Shift na G kwa pamoja. Itafunguka sehemu ya kubadili namna picha zinavyochorwa. Jaribu nyingine, kisha fungua gemu upya. Kwa laptopu za zamani, hii inaokoa wengi.

5. Sevu zimepotea. Kwenye Android, sehemu uliyofikia inahifadhiwa ndani ya folda ya gemu yenyewe. Ukifuta gemu, navyo vinakwenda. Kwenye mipangilio ya simu, kufuta kache hakuna shida, ila kufuta data kunakurudisha sura ya kwanza.

Kuanzia Android 11, folda hizo haziguswi kirahisi kwa simu yenyewe. Njia inayofanya kazi kwa simu nyingi ni waya wa USB: chomeka kwenye kompyuta, tafuta folda ya Android, kisha data, kisha jina la gemu, unakili folda ya saves. Fanya hivyo kabla hujampelekea fundi simu yako Mwanjelwa au Miomboni, maana dawa ya kwanza ya baadhi ya matatizo ni kufuta kila kitu.

Omba msaada hivi

"Gemu imegoma" haimsaidii anayetaka kukusaidia. Atakuuliza maswali kumi, atachoka, atatoka. Ujumbe mzuri una vitu vitano:

- Jina la gemu na namba ya toleo.
- Simu au kompyuta gani, na toleo la Android au Windows.
- Ulikuwa unafanya nini ilipogoma.
- Umeshajaribu nini.
- Ujumbe wa kosa wenyewe.

Mfano: "Habari wakuu. Gemu fulani toleo la 0.9, simu ina Android 12, RAM 3 GB. Inagoma kila nikichagua kwenda sokoni sura ya 4. Nimezima na kuwasha, bado. Kosa hili hapa."

Ren'Py ikikwama inaonyesha ukurasa wa kosa wenye vitufe kadhaa. Kimoja cha kunakili, kingine cha kurudi nyuma hatua moja, kingine cha kupuuza kosa na kuendelea. Mara nyingi kurudi nyuma na kuchagua upya kunatosha. Kwenye kompyuta, kosa pia huandikwa kwenye faili liitwalo traceback.txt ndani ya folda ya gemu.

Usiogope urefu wake. Soma chini kabisa, kwenye mistari ya mwisho kuhusu kosa. Hapo ndipo panaposema ni picha gani haipo au ni mstari upi una tatizo.

Angalizo moja: kwenye Windows, maelezo hayo yanaweza kubeba njia ya folda yenye jina lako la kompyuta. Kama umeisajili kwa majina yako yote mawili, yafute kabla ya kutuma. Si kila mtu angependa grupu zima lijue ni nani anacheza nini.

Sevu ya mwenzako nayo ni hatari

Wengi wanaogopa APK tu. Sevu wanaiona kama alama ya kitabuni, haina madhara. Sivyo.

Sevu za Ren'Py zinahifadhiwa kwa mfumo wa Python unaoweza kubeba maagizo ya kuendeshwa. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kutengeneza sevu ambayo ukiifungua tu, inafanya jambo kwenye kifaa chako. Ndiyo maana kuanzia matoleo ya mwaka 2023, Ren'Py inakuonya ukifungua sevu iliyotengenezwa kwenye kifaa kingine na kukuuliza kama unamwamini aliyeitengeneza. Onyo hilo si la kubonyeza ndiyo ndiyo.

Kama umepoteza sevu, mwombe mwenzako orodha ya machaguo aliyofanya, siyo faili lake. Kisha tumia kitufe cha kuruka mazungumzo. Kama kumbukumbu ya ulichokwisha soma haikufutika, gemu inapita haraka na kusimama kwenye machaguo. Utarudi ulipokuwa bila kuhatarisha kitu.

Kwa APK, kagua ruhusa. Duka la Google Play haliruhusu programu za ngono, kwa hiyo gemu nyingi za aina hiyo hupatikana nje ya duka na ukaguzi unabaki juu yako. Gemu ya hadithi haina sababu ya kusoma SMS zako, majina uliyosevu, wala kupewa uwezo wa kuona skrini ya programu nyingine. Ikiomba hayo, ondoa. SMS ndiyo njia inayopita namba za siri za benki na pesa za simu.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kuchapisha ponografia kupitia mfumo wa kompyuta. Adhabu ni faini isiyopungua Sh20 milioni, au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote. Ikiwa ni ponografia chafu au ya kuamsha ashki, inapanda hadi faini isiyopungua Sh30 milioni, au kifungo kisichopungua miaka 10, au vyote. Maudhui yanayohusisha watoto yana kifungu chake, cha 13.

Neno kuchapisha kwenye sheria hiyo ni pana, linagusa pia kusambaza na kutuma. Kwa hiyo "nimewasaidia tu wana" si kinga. Kuna tofauti kubwa kati ya kumweleza mtu namna ya kurekebisha skrini nyeusi na kumwaga gemu yenye picha za ngono kwenye grupu la watu 200, ambamo huenda kuna mdogo wako wa kidato cha pili anayetumia simu ya mama.

Na ukishauriwa utumie VPN kupakua, kumbuka kwamba Oktoba 2023 TCRA ilitaka wanaotumia VPN watoe taarifa zao kabla ya Oktoba 30 mwaka huo.

Kutoka kucheza hadi kutengeneza

Uzuri wa kusaidiana ni kwamba taratibu unajikuta umejua kitu. Anayesoma makosa ya gemu kila wiki ameshaanza kusoma Python. Anayechora wahusika kwa penseli ana kazi, anayepiga gitaa ana kazi, na anayejua kuandika stori ndiye anayetafutwa zaidi.

Ren'Py ina sehemu ya kutafsiri pia. Inatoa mistari yote ya mazungumzo kwenye folda ya tl, wewe unaandika Kiswahili chini ya kila mstari. Omba kwanza ruhusa ya mwenye gemu.

Au anza yako. Tukio la kwanza linaweza kuwa fupi hivi:

label start:
    "Kondakta anaita: Iringa, Iringa!"
    menu:
        "Panda basi":
            jump makambako
        "Rudi nyumbani":
            jump nyumbani

Ukishaandika na sehemu za makambako na nyumbani, una hadithi yenye njia mbili. Zingatia nafasi mwanzoni mwa mstari, nne nne kila ngazi, kwa sababu ukikosea hapo ndipo makosa ya wanaoanza yanapotokea.

Wale vijana wa Venezuela walijenga gemu nzima kwenye baa moja ya kubuni. Huku kwetu ingeweza kuwa kilabu cha ulanzi Iringa msimu wa mvua, au kibanda cha chai Uyole asubuhi ya Julai ukungu haujaondoka. Watu wazima wanakaa, wanaongea mambo ya watu wazima, na wewe unachagua umjibu nini.

Faili la namna hiyo, ulilolitengeneza mwenyewe na lisilo na cha kukufunga, ndilo la kutuma kwenye grupu.