Jinsi ya kupika rojo la nyanya la piza nyumbani

Mavuno ya Mwea na Loitokitok yafurikapo masokoni Nairobi, bei ya nyanya hushuka. Huo ndio wakati mwafaka kwa familia za Umoja, Kayole na Buruburu kujipikia rojo la piza.

Nyanya kilo 1, zilizoiva barabara, hutumbukizwa katika maji yanayochemka kwa dakika 1, zikamenywa, zikatolewa mbegu na kupondwa. Punje 3 za kitunguu saumu hukaangwa kidogo kwa vijiko 2 vya mafuta bila kuungua, kisha hutiwa nyanya, chumvi na majani ya mrehani. Mchanganyiko huachwa utokote kwa moto mdogo, sufuria ikiwa wazi, kwa dakika 40 hivi. Mwiko ukiacha njia chini ya sufuria, rojo limeiva. Likiwa la majimaji, mkate wa piza hulowa.

Likipoa, litiwe kwenye friji na litumike ndani ya siku 4. Asiye na friji apike la mlo mmoja tu, kwani rojo lililofungwa chupani bila kufuata kanuni za usindikaji laweza kuzalisha sumu isiyo na harufu wala ladha.