Leseni ya Fundi Umeme Katika Ardhi ya Gulwe
Gulwe, kituo kilichozaliwa na reli ile Wajerumani waliyoifikisha Dodoma mwaka 1910, kilimulikwa kwa chemli dahari nyingi baada ya umeme kuwaka Dar es Salaam mwaka 1908. Na nguzo za umeme zilipowasili, ilimu ya waya haikuja pamoja nazo. Ardhi ya Ugogo, iliko Gulwe, ikaukapo kiangazi, hupitisha umeme kwa taabu, hata nondo ya ethi, ile ipelekayo umeme wa hitilafu ardhini, iliyochomekwa kijuujuu isiweze kumhifadhi mama ashikaye pasi yenye hitilafu. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 iliiweka kazi ya fundi umeme chini ya leseni za EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, nami nanasihi kwa dhati: mwenye nyumba aitazame leseni hiyo kabla fundi hajashika bisibisi, kisha asimame karibu akimwona akipima ukinzani wa udongo ule mkavu.