Watumwa wa Kusini katika Daftari la Forodha

Hakuna sultani wa Unguja aliyewahi kuamuru watumwa wa Kilwa na Lindi wahesabiwe kama wakazi. Waliowahesabu ni watoza ushuru, kwa kuwa kila kichwa kilikuwa na ushuru wake. Forodha za pwani zilikuwa zimekodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, na karani wake kule Kilwa Kivinje ndiye aliyetuachia kitu kilicho karibu zaidi na sensa.

Hesabu za forodha hiyo kuanzia mwaka 1862 hadi 1867 zilifika mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza mwaka 1871. Katika misimu mitano walipita watu 97,203: Unguja 76,703, kwingineko 20,500. Ukiziangalia kwa makini, safu mbili hizo hazifanani. Kuanzia msimu wa tatu safu ya Unguja inasoma 13,821, kisha 18,344, kisha 17,538. Huyo ni mtu aliyekaa mlangoni akihesabu. Safu ya kwingineko inakwenda 5,500, 3,500, 3,000, 4,000, 4,500. Hapo, kwa maoni yangu, karani alikisia.

Mchora ramani atakayefuata daftari hilo atapata mstari mnene kutoka Ziwa Nyasa hadi Kivinje, na Lindi itabaki karibu tupu. Asidanganyike. Karani aliandika waliosafirishwa tu. Hakumwandika aliyekufa njiani, wala aliyevushwa usiku kukwepa ushuru, wala aliyebaki akilima mashamba ya mabwana wa Kivinje na ya bonde la Lukuledi, akazaa na kuzikwa hukohuko. Wala hatuambiwi nani alikuwa Myao, nani Mngindo, nani mwanamke, nani mtoto.

Juni 1873 Seyyid Barghash alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa na kuzuia wasisafirishwe baharini. Misafara ikahamia nchi kavu. Frederic Elton, aliyetumwa na ubalozi wa Uingereza kwenda Kilwa, alihesabu barabarani watumwa 4,096 wakipelekwa kaskazini, kati ya Desemba 21 na Januari 20 tu. Hesabu hii haina ushuru ndani yake, ndiyo maana ninaiamini kuliko ile safu ya 20,500. Barghash alipiga marufuku misafara hiyo mwaka 1876.

Wajerumani nao walikuja na karatasi zao. Mtumwa aliyejikomboa alipewa hati ya uhuru bomani, kwa hiyo aliyeingia katika maandishi sasa ni yule anayetoka utumwani. Asiye na hati hakuonekana. Amri yao ya 1904 ilisema mtoto atakayezaliwa baada ya Desemba 31, 1905 ni huru. Mama yake haikumgusa: utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza.