Mtu wa Kampuni na Kibali Chake: Kutoka Lugard hadi Viwanda vya Mbale

Mtu anayetumwa na kampuni ya ng'ambo kuiwakilisha nchini Uganda huhitaji leo mambo mawili: kampuni iwe imeandikishwa nchini, na yeye awe na kibali cha kuingia kinachotaja kazi aliyoijia. Meneja wa kiwanda huko Mbale, fundi wa mitambo Jinja, mhandisi anayepita Nakaloke akielekea Kumi na Soroti, wote wamo chini ya utaratibu huo. Hata hivyo, kwa zaidi ya nusu karne watu wa kampuni waliingia nchini bila kuulizwa karatasi ya namna hiyo.

Wa kwanza kujulikana sana alikuwa Frederick Lugard. Alifika Mengo Desemba 1890 akiwa mtumishi wa Imperial British East Africa Company, iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888 kufanya biashara na kutawala. Hakumwomba Kabaka Mwanga wa Buganda ruhusa ya kufanya kazi. Alikuja na askari na bunduki ya Maxim, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa na mkataba uliotiwa saini. Kampuni yenyewe iliishiwa fedha, ikajiondoa mwaka 1893, na mwaka uliofuata Uingereza ikatangaza Himaya ya Uganda.

Nyuma ya bunduki likaja duka. Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch, alikuwa ameanza akiwa kijana katika biashara ya Sewa Haji Paroo huko Bagamoyo. Baadaye alifungua maduka yake mwenyewe kuifuata njia ya misafara, kisha njia ya reli, iliyofika Kisumu mwaka 1901, hadi Kampala na Jinja. Kila duka lilihitaji mtu wa kuaminika, na mtu huyo mara nyingi aliitwa kutoka Gujarat kwa barua ya ndugu au jirani. Karani alifanya kazi miaka michache, akaijua nchi na lugha zake, kisha akafungua duka lake. Visram alipofariki mwaka 1916, wengi waliokuwa watumishi wake walikuwa wenye biashara tayari. Wala hakuna sheria iliyowafunga kwa mwajiri mmoja. Uhuru huo ndio uliowawezesha kusambaa, na ndio ambao sheria za baadaye zilikuja kuuondoa.

Mashariki, mji wa Mbale ulikua kutokana na makazi ya Semei Kakungulu, kiongozi wa Kiganda, mwanzoni mwa karne ya 20, na wachuuzi Waswahili, Waarabu na Wahindi wakamfuata. Pamba ndiyo iliyowaleta watu wa kampuni kubwa. Mbegu zilisambazwa nchini kuanzia mwaka 1903, na Busoga, Bukedi na Teso zikawa nchi ya pamba. Reli ya Jinja hadi Namasagali ilifunguliwa mwaka 1912, na mwaka 1929 njia nyingine ikafika Soroti kupitia Mbale. Wanunuzi wa pamba, mafundi wa mashine za kuichambua na makarani wa benki waliteremka stesheni hizo. Barclays ilifungua matawi Kampala na Jinja mwaka 1927. Mkulima aliyebeba pamba yake kichwani kutoka vijiji vya Nakaloke aliuza kwa bei ambayo hakushiriki kuipanga, kwa mnunuzi aliyeingia nchini bila kuombewa kibali.

Mlango ulianza kufungwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1944 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilitoa kanuni za dharura za kuzuia wageni kuingia, nazo zilipingwa vikali na Wahindi, walioona kwamba zinawalenga wao. Vita vilipokwisha, kanuni za muda zikageuzwa sheria za kudumu mwishoni mwa miaka ya 1940. Wageni wakapangwa kwa mafungu kufuatana na shughuli: kilimo, madini, biashara, viwanda, taaluma, ajira. Mwajiriwa sasa aliombewa kibali na aliyemwita, na afisa alipaswa kuuliza kama kuja kwake kutawadhuru wenyeji. Swali hilo lilikuwa la haki kabisa. Kasoro yake ni kwamba wenyeji wenyewe hawakuwamo katika kulijibu.

Chini ya utaratibu huo Jinja ilijengwa upya. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth II mwaka 1954, lilileta wahandisi na mafundi kutoka Ulaya. Kiwanda cha nguo cha Nyanza Textile Industries, maarufu kama Nytil, kilianzishwa na Uganda Development Corporation kwa ushirikiano na Calico Printers' Association ya Manchester.

Baada ya uhuru wa 1962 serikali mpya iliukaza mlango zaidi. Mwaka 1969 zilitungwa sheria mbili, ya uhamiaji na ya leseni za biashara, zilizotaka asiye raia awe na kibali cha kufanya kazi na leseni ya kuuza. Walioumia haraka hawakuwa mameneja wa Manchester. Mwaka 1970 maelfu ya wafanyakazi Wakenya, wengi wao vibarua na makarani, walifukuzwa nchini.

Kisha ukaja mwaka 1972. Tarehe 4 Agosti, Rais Idi Amin alitangaza katika kambi ya jeshi ya Tororo, mwendo mfupi kutoka Mbale, kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza waondoke. Siku tano baadaye ikatoka amri iliyofuta vibali vya kuingia na hati za ukaazi za watu wa asili ya Kiasia waliokuwa raia wa Uingereza, India, Pakistan na Bangladesh. Muda uliotolewa ulikuwa siku 90. Watu waliokuwa wametimiza kila sharti la sheria waliamka na karatasi zisizo na thamani. Uingereza peke yake ilipokea takriban watu 28,000. Desemba ya mwaka huohuo kampuni kubwa za Waingereza zikataifishwa, ikiwemo British American Tobacco yenye kiwanda Jinja. Barabara za biashara za Mbale na Jinja zilibaki na maduka yaliyogawiwa watu wasiokuwa na mtaji wala mzigo. Udhalimu huo uliwaumiza pia Waganda waliokuwa wameajiriwa humo, na jambo hili husahauliwa mno.

Kurudi kulichukua miaka mingi. Kampuni ya tumbaku ilirejeshewa mali yake mwaka 1984, na familia ya Madhvani ikarudi kwenye kiwanda chake cha sukari cha Kakira mwaka uliofuata. Mamlaka ya Uwekezaji ya Uganda iliundwa mwaka 1991, na sheria ya uraia na uhamiaji ya 1999 ikaweka vibali vinavyotumika hadi leo, fungu A hadi G. Mwenye mtaji wa biashara huomba D, mwenye kiwanda E, na mwajiriwa aliyetumwa na kampuni huomba G2. Sheria ya Kampuni ya 2012 nayo huitaka kampuni ya kigeni ijiandikishe ndani ya siku 30 tangu kufungua mahali pa biashara, na imtaje mkaazi wa Uganda wa kupokea barua za mahakama kwa niaba yake. Sharti hili la mwisho lina maana kubwa, kwa sababu linampa mfanyakazi au mkulima aliyedhulumiwa mtu wa kumpelekea mashtaka dhidi ya kampuni.

Wageni wa sasa wametoka pande nyingine. Daraja jipya la Jinja, lililofunguliwa Oktoba 2018, lilijengwa na kampuni za Japani na Korea Kusini, na mwaka huohuo kampuni ya Tian Tang ya China ilianza kujenga eneo lake la viwanda Mbale.

Kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki mambo yamelegezwa. Chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, mfanyakazi mwenye mkataba unaozidi siku 90 bado anahitaji kibali, nacho kinapaswa kutolewa ndani ya siku 30 tangu kuombwa. Uganda na Kenya zimefutiana ada ya kibali hicho.