Liwa, Ubani na Risasi: Habari za Vipako vya Uso

Katika chumba cha nyanya yangu, huko Mombasa, palikuwa na jiwe moja dogo lililolainika kwa kusuguliwa miaka mingi. Jiwe hilo liliitwa msio. Alidondosha juu yake matone machache ya maji, akashika kipande cha msandali, akakisugua polepole mpaka ukatoka uji mzito wenye harufu njema. Uji huo ndio liwa. Wakati wa kaskazi, joto lilipozidi, alijipaka liwa usoni na shingoni, akaketi uani kimya mpaka ikakauka. Nilipokuwa mtoto nilidhani kuwa ule ulikuwa urembo tu wa wanawake wa mji wetu. Nilipokuwa mwalimu, na kuanza kusoma habari za mataifa mengine, ndipo nilipofahamu kwamba nyanya yangu alikuwa akifanya jambo ambalo wanadamu wamelifanya kwa maelfu ya miaka.

Kupaka kitu usoni, kukiacha kikauke, kisha kukiosha, ni desturi kongwe. Lakini anayeichunguza historia yake ataona kwamba watu wamejipaka kwa sababu mbili zisizofanana. Sababu ya kwanza ni haja ya kuitunza ngozi ambayo mtu amejaliwa. Sababu ya pili ni tamaa ya kupata ngozi ambayo hakujaliwa. Haja ile ya kwanza imetupatia dawa nyingi nzuri. Tamaa hii ya pili imewaua watu. Insha hii yataka kuzifuata njia hizo mbili, tangu zamani mpaka leo.

Tuanze na Misri. Iko hati moja ya mafunjo, ijulikanayo kwa jina la Ebers, iliyoandikwa yapata mwaka 1550 kabla ya Kristo. Humo mna maelekezo mengi ya uganga, na miongoni mwake yamo ya kuondoa makunyanzi ya uso: ubani, nta na mafuta, vikisagwa na kuchanganywa pamoja. Neno ubani lafaa kutuzindua sisi wa Afrika ya Mashariki, kwa maana ubani mwingi wa Misri haukutoka Misri. Ulitoka nchi iliyoitwa Punt, ambayo wataalamu wengi huiweka katika pande za Pembe ya Afrika. Malkia Hatshepsut alipeleka merikebu huko katika karne ya 15 kabla ya Kristo, na picha za safari hiyo zingali zimechorwa katika kuta za hekalu lake, Deir el-Bahri. Basi, bara letu halikuja juzi katika biashara ya urembo. Tangu mwanzo lilikuwa sokoni.

Lakini Wamisri hao hao walijipaka machoni wanja uliosagwa kutokana na mawe yenye madini ya risasi. Kwa hiyo dawa na sumu zilikaa katika kijaluba kimoja, na mwenye kujipaka hakuona tofauti.

Jambo hilo laonekana wazi zaidi kwa Warumi. Mshairi wao Ovid, aliyezaliwa mwaka 43 kabla ya Kristo, alitunga shairi juu ya dawa za uso, na yapata beti mia za mstari mmoja mmoja zimesalia. Ametaja humo shayiri, mayai, vitunguu vya maua na asali, vitu ambavyo hata leo mtu aweza kuvitia usoni bila ya hofu kubwa. Lakini katika shairi hilo hilo amesifu pia unga mweupe wa risasi, uliotengenezwa kwa kuiweka risasi karibu na siki mpaka ikafanya kutu nyeupe. Tena haikuwa kwamba hapana mtu aliyejua madhara yake. Vitruvius, mjenzi mashuhuri wa zama zile, aliandika kwamba unga huo hudhuru mwili, akatoa ushahidi wa mafundi wa risasi ambao rangi zao zilikuwa zimefifia. Maonyo yalikuwapo, masikio ndiyo yaliyokosekana.

Karne ya pili baada ya Kristo alitokea Galen, tabibu mkubwa aliyezaliwa Pergamon na kufanya kazi Roma. Yeye huhesabiwa kuwa ndiye aliyeacha maelekezo ya dawa ya kupaka iliyochanganywa kwa nta, mafuta na maji ya waridi. Maji yale yalipokauka juu ya ngozi yalileta ubaridi; mafuta na nta vikabaki kuizuia ngozi isipoteze unyevu wake. Krimu nyingi zinazouzwa madukani leo zafuata kanuni ile ile.

Sasa turudi kwetu. Ukitazama watu wa Afrika ya Mashariki na majirani zao, utaona kwamba kila watu wana kipako kinachopatana na mahali pao. Wamaasai na Wasamburu, wakaao katika nchi kavu zenye jua kali na upepo, walichanganya ngeu nyekundu na mafuta ya wanyama. Watu wa pwani, wakaao katika hewa nzito yenye unyevu, walipenda liwa, ambayo haina mafuta mengi na huleta ubaridi ikikauka. Katika visiwa vya Ngazija wanawake husaga msandali juu ya jiwe la tumbawe, wakajipaka uso mzima rangi ya manjano hata mchana barabarani. Katika pwani ya Msumbiji wanawake wa Kimakua husaga mti uitwao musiro, wakapata kipako cheupe. Na bibi arusi wa Kiswahili husuguliwa singo yenye manukato kwa siku kadhaa kabla ya arusi. Hao wote hawakusoma elimu ya ngozi katika vitabu, walakini yamkini walijifunza kwa kujaribu, wakashika lililowafaa na kuliacha lililowadhuru.

Huko Ulaya, tamaa ya weupe iliendelea kutawala. Kwa karne nyingi wenye cheo walijipaka unga wa risasi ili waonekane kuwa hawakuwahi kufanya kazi juani. Hila ya sumu hiyo ilikuwa hii: iliharibu ngozi, na mtu alipoona ngozi imeharibika alizidisha kujipaka ili auficha ubaya, na kwa kuzidisha akazidi kuharibika. Maria Gunning, mke wa bwana mmoja mkubwa wa Coventry katika Uingereza, alisifiwa kwa uzuri katika nchi nzima. Alifariki mwaka 1760 kabla ya kutimiza miaka 30, na watu wa wakati wake walisema kwamba rangi za uso ndizo zilizomwua. Zaidi ya miaka mia baadaye, mwaka 1869, daktari Lewis Sayre wa New York aliandika habari za wanawake watatu vijana waliopooza mikono kwa sababu ya dawa ya urembo yenye risasi. Wakati huo ilikuwa imepita miaka 1,800 na zaidi tangu Vitruvius aandike onyo lake.

Karne ya 19 na ya 20 zilileta biashara kubwa. Mwaka 1875, huko Marekani, mwanamke aitwaye Helen Rowley alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake: barakoa ya mpira ya kufunika uso wote usiku. Baadaye Helena Rubinstein, mzaliwa wa Kraków, alifungua duka lake Melbourne mwanzoni mwa karne ya 20, kisha akaenda London na New York. Alipata utajiri mkubwa kwa kuwaambia wateja wake kwamba ngozi si aina moja, na kwamba kila aina yataka dawa yake. Hapana shaka alisema hivyo ili auze zaidi. Lakini katika maneno yake ulikuwamo ukweli, na ukweli huo wafaa kuujua hata kwa asiyenunua kitu.

Ndani ya ngozi mna vifuko vidogo vitoavyo mafuta. Kwa baadhi ya watu vifuko hivyo hutoa mafuta mengi, hasa katika umri wenu ninyi wanafunzi, mwili unapobadilika. Ndiyo maana chunusi huwasumbua vijana zaidi ya wazee. Mwenye ngozi hiyo hufaliwa na udongo laini mweupe uitwao kaolini, kwa kuwa udongo hunyonya mafuta. Lakini asiuache mpaka ukapasuka kama tope la ziwa lililokauka. Dakika 10 zatosha, na mara moja kwa juma. Mwenye ngozi kavu asiguse udongo huo, bali atumie vitu vyenye kushika unyevu, kama asali au mafuta. Wako wenye ngozi ya namna mbili, mafuta katika paji na pua, ukavu mashavuni. Hao wapake kila mahali kwa haja yake. Na wako wenye ngozi nyepesi kudhurika, ambao hata manukato huwawasha. Huyo, na kila mtu ajaribuye kitu kipya, akipake kwanza kidogo ndani ya mkono, angoje siku nzima. Tena jihadharini na juisi ya ndimu: ikipakwa usoni, kisha mtu akatoka juani, yaweza kumwunguza na kumwachia mabaka.

Hayo ni ya njia ya kwanza. Ya njia ya pili ningependa kuyaeleza kwa jambo nililolishuhudia mwenyewe. Tulipokuwa chuo cha ualimu nilikuwa na rafiki, msichana mwerevu kuliko sisi sote katika hesabu. Mtu alimwambia kuwa angekuwa mweupe kidogo angependeza zaidi. Alinunua kwa mchuuzi krimu isiyokuwa na karatasi ya kueleza kilichomo. Miezi michache ya kwanza alifurahi, na sisi wenzake, kwa aibu yetu, tulimsifu. Kisha ngozi yake ikawa nyembamba, ikashindwa kustahimili jua la uwanjani, na mashavuni yakatokea mabaka meusi kuliko rangi aliyoikimbia. Tulipokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, aliandika ubaoni kipindi kizima ili asiwageukie watoto. Mmoja akamwuliza, bila ya ubaya wowote, "Mwalimu, uliungua na moto?" Hakujibu. Aliweka chaki mezani akatoka nje.

Krimu za namna hiyo mara nyingi huwa na zebaki, ambayo hudhuru figo, au hidrokwinoni, au dawa kali ambazo zapasa kutolewa na daktari tu. Serikali ya Kenya imezipiga marufuku krimu zenye zebaki, na mataifa yametia sahihi Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ambao ulianza kutumika mwaka 2017. Jina hilo ni la mji wa Japani ambako watu wengi walidhurika kwa zebaki iliyomwagwa baharini, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1956. Hata hivyo krimu hizo zingali zikiuzwa kwa siri, kwa sababu wako wanaozitafuta. Sheria yaweza kumkamata mchuuzi. Haiwezi kuikamata tamaa iliyomo moyoni mwa mnunuzi.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo hutumiwa kumkemea mtu mwenye sura bila ya tabia, lakini mimi naiona kuwa yafaa pia kwa makopo yang'aayo yapangwayo madirishani. Kabla hujafungua kopo, ewe msomaji, jiulize maswali mawili. La kwanza: kitu hiki kimetengenezwa kwa nini? Kama hakuna aliyeandika, hakuna awezaye kukujibu, basi kiache. La pili: je, nataka kuitunza ngozi yangu au kuikimbia?

Rafiki yangu alipona kwa kiasi, baada ya matibabu ya miaka miwili, na leo ni mwalimu mwema. Mabaka hayakuondoka yote. Kila mwaka, darasa jipya linapoingia, huwasimulia wanafunzi wake kisa hiki mwenyewe, akiwa amewaelekea uso kwa uso. Nyanya yangu alikwisha fariki. Msio wake ninao, na ndugu zangu wadogo wajapo kunitembelea huwaonyesha namna ya kuusugua msandali: maji kidogo, mkono mwepesi, wala pasiwe na haraka.