GEMU LA FOOTBALL MANAGER: NAMNA YA KUPANGA MBINU ZA TIMU NA ZA MCHEZAJI MMOJA MMOJA

Huku mji kasoro bahari mvua imeshika, milima ya Uluguru haionekani kwa mawingu tangu juzi, uwanja wetu umejaa maji. Kwa hiyo mazoezi ya watoto hakuna, na vijana wa mtaa wetu hapa Kihonda wamejazana kwenye laptopu mbili wanacheza Football Manager. Swali linalonifuata kutwa ni moja: "Kaka, nina wachezaji wazuri, mbona nafungwa?" Nimelijibu mdomo ukauma. Leo naliandika, akija mwingine namwelekeza huku.

Kwa asiyelijua: hili si gemu la kubonyeza vitufe ukimbize mchezaji. Wewe ni kocha. Unasajili, unapanga kikosi, unatoa maelekezo, halafu unakaa pembeni kama makocha wengine na kuona kama wamekusikia. Lilianza Uingereza mwaka 1992 kwa jina la Championship Manager, kazi ya ndugu wawili, Paul na Oliver Collyer. Sisi wa zamani tunakumbuka enzi za maandishi matupu, unasoma tu kwamba shuti limegonga mwamba. Vidoti vya kukimbia uwanjani vilikuja mwaka 2003. Baadaye watengenezaji wakaachana na kampuni iliyokuwa ikiwauzia, na toka mwishoni mwa 2004 gemu lao linaitwa Football Manager.

Sasa tuingie kwenye mada.

Maelekezo yako yako ya aina mbili. Kuna ya TIMU, yanayomhusu kila aliyeko uwanjani: tucheze haraka au taratibu, pasi fupi au ndefu, tukabe juu au tusubiri nyuma. Halafu kuna ya MCHEZAJI, yanayomhusu mmoja tu: wewe piga mashuti kidogo, wewe kaa pembeni kabisa ya mstari, wewe mkabe mtu wako kwa karibu. Na maelekezo ya mchezaji yana nguvu kuliko ya timu kwa mchezaji huyo. Timu nzima ikiambiwa pasi fupi, halafu beki mmoja ukamwambia apige mirefu, yeye atapiga mirefu.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Wanaanza na mtu mmoja mmoja, wanabofya kila kinachobofyeka, wachezaji kumi na mmoja kila mmoja na maelekezo manne, matano. Ukijumlisha hakuna timu tena, kuna watu kumi na mmoja waliotumwa dukani kila mmoja na orodha yake. Anza na timu. Cheza mechi tano. Halafu ndiyo umtafute yule mmoja au wawili ambao mpango wa timu hauwafai, ukawaandikie ya kwao.

Nawapa mfano wa aibu yangu mwenyewe. Mtibwa Sugar, timu ya Turiani mkoani kwetu, mabingwa wa Tanzania Bara 1999 na 2000, iliposhuka daraja mwaka 2024, sisi mashabiki wanne tulikasirika kweli. Ligi yetu haimo kwenye gemu, lakini kuna programu ya kuhariri inayokuja nalo. Tukakaa wikiendi mbili tukaijenga ligi yetu wenyewe, tukaipa Mtibwa kikosi cha kubuni kinachofanana na hali halisi: mabeki wa kati wenye nguvu lakini wazito, viungo wenye bidii, winga mmoja mwenye mbio. Mimi nikawa kocha. Nikaiseti timu icheze kama Manchester City! Pasi fupi kutoka kwa golikipa, mstari wa mabeki juu kabisa, kukaba kuanzia kwenye boksi la mpinzani. Mechi saba, pointi nne. Rafiki zangu walinicheka mpaka chai ikapoa.

Kosa lilikuwa wapi? Kila sifa ya mchezaji kwenye gemu hupimwa kuanzia 1 hadi 20. Mabeki wangu walikuwa na kasi ya 8 na 9. Ukipandisha mstari wa mabeki karibu na katikati ya uwanja unaacha shamba zima nyuma yao, na mshambuliaji mwenye kasi ya 14 anahitaji mpira mmoja tu wa kupenyezwa. Mtego wa kuotea nao unataka watu wa maamuzi mazuri na wa kwenda pamoja. Mmoja akichelewa, kwisha habari. Kwa hiyo kabla hujagusa mstari wa mabeki angalia kasi, maamuzi na kujipanga kwa mabeki WAKO. Usiangalie unachokipenda kwenye televisheni.

Kukaba juu nako kuna bei yake. Gemu linakupa vitu viwili tofauti ambavyo watu wanavichanganya: mahali timu inapoanza kukaba, na mahali mabeki wanaposimama. Ukiwapeleka washambuliaji wakakabe juu huku mabeki wamebaki chini, katikati panabaki uwazi mkubwa na viungo wako wanakimbia kama wanaofukuza basi Msamvu. Hivi viwili vipande pamoja au vishuke pamoja. Na tazama pumzi na bidii ya wachezaji: timu isiyo na pumzi inakaba vizuri dakika 60, halafu mnamalizwa kwenye dakika za lala salama. Ukiona mabao unayofungwa yanarundikana baada ya dakika ya 70, usimlaumu golikipa, punguza kukaba.

Kuna ile ngazi ya ujumla, kutoka kujilinda kabisa hadi kushambulia kabisa. Ziko saba. Watu wanadhani ni kitufe cha kutafutia mabao. Kumbe inasogeza karibu kila kitu kwa pamoja: kasi ya mchezo, upana, hatari ambazo wachezaji wanajaribu kwenye pasi. Mimi timu dhaifu naiweka kwenye ngazi ya katikati au moja chini yake na kuiacha hapo. Kupaki basi kwa ngazi ya chini kabisa kunafaa dakika kumi za mwisho. Ukianza nako, mpira unarudi kila ukiubutua.

Basi nikashusha mstari, nikaruhusu golikipa apige mpira mrefu, nikapunguza kasi ya mchezo kidogo kwa sababu viungo walikuwa wanapoteza pasi, nikabaki na 4-4-2 ya kawaida. Maelekezo ya timu matatu tu. Tukaanza kutoka sare.

Hapo sasa ndipo maelekezo ya mchezaji yalipopata kazi. Timu yangu ilikuwa imeambiwa icheze taratibu, na hilo lilimfaa kila mtu isipokuwa yule winga wa mbio. Yeye akipewa mpira anasimama, anarudisha nyuma, kasi yake inaozea pale. Nikamwandikia yeye peke yake: kaa pembeni, kimbia na mpira, jaribu pasi za hatari. Na beki wa nyuma yake, namba mbili, nikampa jukumu la kulinda asipande, ili winga akipoteza mpira kuna mtu. Mabadiliko ya watu wawili hayo. Msimu tuliumaliza wa nane. (Ile Mtibwa ya kweli ilirudi Ligi Kuu mwaka 2025 bila msaada wangu, Mungu mkubwa.)

Angalizo dogo: kila jukumu unalompa mchezaji lina maelekezo yake ndani tayari. Ukimchagua kiungo mkabaji wa kukaa mbele ya mabeki, gemu limeshamwambia abaki nyuma, huna haja ya kurudia. Na angalia majukumu jirani. Beki wa pembeni anayepanda pamoja na winga anayeingia ndani wanasaidiana. Wote wawili wakipita pembeni wanagongana, wote wakiingia ndani upande mzima unabaki wazi.

Mantiki hii si ya mpira wa miguu peke yake. Kuna gemu la kuongoza timu ya baseball linaitwa Out of the Park Baseball, limeanza mwaka 1999, mwanzilishi wake ni Mjerumani, Markus Heinsohn. Kule kocha anaiambia timu nzima ithubutu kiasi gani kuiba vituo, yaani mkimbiaji achomoke kwenda kituo kinachofuata kabla mwenzake hajaupiga mpira. Lakini ndani ya timu kuna bonge la mtu linalopiga mpira mpaka nje ya uwanja na mbio halina. Huyo unamwandikia yake: wewe usiibe kituo hata siku moja. Sheria kwa wote, ruhusa au katazo kwa mmoja. Nilipolijaribu nilikuwa sijui baseball kabisa, lakini ukurasa wa mbinu niliuelewa siku ya kwanza.

Naomba nitoke nje ya gemu kidogo, kuna jambo linaniwasha. Mimi mwaka juzi nilikuwa nafundisha watoto wa chini ya miaka 15 hapa mtaani. Nilikuwa na namba tatu mmoja, mtoto ana mbio na mguu wa kushoto mzuri. Siku ya mechi nikamjaza maneno: panda, rudi, mkabe winga kwa karibu, usipige mrefu, mwite beki wa kati, mipira ya kurusha ni yako. Kufika mapumziko, kila mpira ukimfikia anatazama benchi. Tukafungwa tatu, mbili zikapita upande wake, na mimi nikamgombeza mbele ya wenzake. Wiki iliyofuata hakuja. Iliyofuata hakuja. Nikaenda kwao.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu, karibu. Mwenzio yuko ndani, hataki kutoka. Anasema akipata mpira hajui tena afanye nini."

Nilikaa kwenye kigoda pale barazani sina la kusema. Aliporudi uwanjani, baada ya mwezi mzima na mimi kumwomba radhi, nilimpa neno moja tu: huyo winga asikupite kwa nje, mengine cheza mwanangu. Sasa hivi yuko sekondari na anachezea timu ya shule. Nikitaka kumwandikia mchezaji wa kwenye laptopu maelekezo ya tano, namkumbuka yeye. Na gemu lenyewe, kwa kweli, linayajua haya: mfokee mchezaji baada ya mechi uone mshale wake wa morali unavyoshuka, na mechi inayofuata anavyocheza.

Turudi. Kuna aina ya tatu ambayo wengi hawaigusi: maelekezo juu ya MPINZANI. Unachagua mchezaji wao na kusema akabwe kwa karibu, afuatwe haraka akipata mpira, au alazimishwe kutumia mguu wake dhaifu. Hili la mguu dhaifu ndilo ninalolipenda, halina gharama kubwa. Kukaba mtu kwa karibu lakini kuna gharama: mchezaji wako anatolewa kwenye nafasi yake. Usimkabe hivyo mshambuliaji mjanja anayerudi katikati, atamvuta beki wako mpaka kwenye benchi la ufundi.

Mipira iliyokufa nayo ishughulikie mapema, kona na frikiki. Dakika ishirini za kuseti mwanzoni mwa msimu, halafu unasahau. Weka mrefu wako mmoja kwenye nguzo ya karibu na uhakikishe wawili wenye mbio wamebaki nyuma. Nimeona mtu kapeleka mabeki wote wa kati kwenye kona akafungwa bao lile lile mara tatu kwa mwezi.

Utajuaje kama mpango umekubali? Matokeo ya mechi moja hayasemi kitu. Kuanzia toleo la 2021 gemu linaonyesha hesabu ya mabao yanayotarajiwa kutokana na ubora wa nafasi. Umefungwa 1-0 lakini hesabu yako ni kubwa kuliko yao? Usibadili kitu, umeponzwa na bahati. Umeshinda 2-1 na wao wamepata nafasi tano za ana kwa ana na golikipa? Hapo kuna tatizo, shughulika nalo kabla halijakushughulikia. Na ukibadilisha, badilisha kimoja, uone. Ukibadili vitu sita usiku mmoja halafu ukashinda, hujui ni kipi kilichokusaidia. Isitoshe kuna kipimo cha timu kuuzoea mfumo, kila ukivuruga sana kinashuka, na wachezaji wanaanza tena kutafutana uwanjani.

Wale wa kusevu kabla ya mechi na kurudia mkifungwa, sina ushauri wenu. Nendeni Mgeta mkalime karoti.

La mwisho ni kuhusu toleo jipya. La 2025 lilifutwa kabisa, watengenezaji walitangaza Februari 2025, kwa hiyo tulikaa na la 2024 muda mrefu. La 2026 lilitoka Novemba 2025 na limebadilisha ukurasa wa mbinu: unapanga mfumo mmoja mkiwa na mpira na mwingine mkiwa hamna, na kila mchezaji anapewa jukumu kwa kila hali. Yale maneno ya kulinda, kusaidia na kushambulia yaliyokuwa yakibandikwa kwenye jukumu yameondolewa. Maana yake namba tatu anaweza kuwa kiungo mkiwa na mpira na beki mkiupoteza. Kabla hujampa kazi mbili za mbali namna hiyo, tazama pumzi zake na maamuzi yake, anatakiwa kusafiri uwanja mzima kila mpira ukipotea. Laptopu yangu mimi inalia kama mashine ya kusaga nikilifungua, kwa hiyo bado niko kwenye la 2024. Wenye mashine za kueleweka tuambieni hapo chini: mabeki wazito mnawaficha vipi kwenye mfumo wa pili?